Mwalimu Aliyetutembeza Chuoni

Kama wewe ni mmoja wa wale wa kusema "hayo ni mambo ya wazee," inuka sasa hivi ukachote maji, usinipotezee wakati. Haya yalinipata mimi, mchana, macho yakiwa wazi na akili zangu zote zikiwa kichwani. Sikuwa nimelewa. Mlevi katika ukoo wetu ni kaka yangu, na nitamfikia. Nimesimulia kisa hiki mbele ya kasisi na mbele ya daktari, na wote wawili walinitazama kwa ile huruma ya watu waliosoma mpaka wakapoteza masikio. Waache. Wewe sikiliza.

Ilikuwa ile miaka baada ya Uhuru ambapo kila mzazi wa Nyeri alikuwa amepagawa na neno "koleji." Mtu ambaye hajawahi kununulia mtoto kalamu alikuwa anakwambia binti yake "anaenda koleji" kana kwamba amenunua Mlima Kenya. Kaka yangu Gathogo alikuwa bingwa wao. Nyambura, kifungua mimba wake, alipomaliza kidato cha nne na kupita vizuri, aliyezunguka akipokea pongezi ni baba, utadhani ndiye aliyekesha na vitabu. Alitangaza kanisani, akatangaza sokoni, akatangaza kilabuni. Kisha chuo kimoja cha ualimu kule Kieni, juu ya Endarasha, kikaita wasichana wanaotaka kujiunga waje Jumamosi na wazazi wao, wakione. Asubuhi hiyo bingwa alikuwa amelala na viatu, mdomo wazi. Nani alimpeleka mtoto? Mimi. Shangazi mtu, mjane, fundi wa cherehani pale Nyeri mjini, ambaye kaka huyohuyo alipenda kumwita "yule hakusoma."

Nyambura alikuwa na akili, sikatai. Lakini ilikuwa akili ya kitabu. Akisikia mtu anamimina Kiingereza kizuri, alikuwa tayari kumfuata popote. Nilikuwa nimechemsha nduma, yale magimbi yetu, alfajiri, kwa haraka, nikazifunga kwenye kitambaa. Tulipofika getini nikamwambia ale, maana tulikuwa tumetembea sana tangu basi lituache barabarani.

"Tata, si hapa," akasema. Tata ndivyo watoto wa kaka yangu wanavyoniita. "Watu wanaona."

Watu gani? Kulikuwa na bawabu mmoja na mbuzi. Nikajua kinachomtia haya si nduma peke yake. Ni viatu vyangu vya raba pia, na labda mimi mzima.

Chuo chenyewe, ulichokuwa unasikia kikisifiwa mpaka Karatina, kilikuwa shamba la Mzungu mmoja aliyerudi kwao. Zizi la ng'ombe lilikuwa limepakwa chokaa likaitwa ukumbi, na harufu ya ng'ombe ilikuwa bado humo, haijapata habari za Uhuru. Ofisini tulimkuta mama mmoja amevaa wigi limepinda, anakunywa chai. Hakutuinulia hata jicho.

"Wenzenu walikuja mapema, wakazungushwa, wakaenda," akasema. "Mkuu yuko kwa mkutano. Ngojeni huko nje."

"Huko nje kuna baridi, mama."

"Ati baridi? Si mnatoka Nyeri? Nyeri kuna joto?"

Tukatoka. Ilikuwa Julai, na unajua Julai ya huko. Ukungu wa Nyandarua ulikuwa unashuka, mzito, unameza miti mmoja baada ya mwingine. Tukasimama chini ya ukingo wa paa, tunatetemeka, tunatoa moshi mdomoni kila tukipumua.

Ndipo akaja.

Mrefu, suti ya kijivu, kola imeinuliwa. Nywele zilikuwa za mtindo wa siku zile, zimeachwa zikawa mviringo mkubwa kama mzinga wa nyuki. Viatu viking'aa, na njia yote ilikuwa tope. Hilo nililiona, lakini nikajiambia ni wale wanaume wa kupanguswa viatu kila saa.

"Mama, poleni na safari," akasema. "Na huyu ndiye mwanafunzi wetu mpya?"

Ndiye mwanafunzi wetu! Hajaona karatasi, hajauliza jina. Akajiita mwalimu wa kupokea wageni, akageuka kwa Nyambura na kuanza Kiingereza. Nisikufiche, kilikuwa kitamu hata kwa asiyekijua. Msichana akanyooka, akaanza kucheka kile kicheko cha wasichana, na hapo hapo mimi nikawa mzigo wa kubebwa nyuma.

Tukatembea. Wao mbele, bega kwa bega. Mimi nyuma, na kitambaa changu cha nduma. Akatuonyesha maktaba, ambayo ilikuwa makabati mawili. Akatuonyesha kanisa, lakini kwa kidole tu, kutoka mbali. Kila kitu kilikuwa "cha kisasa." Hata choo kilikuwa cha kisasa. Niamini, nimewasikia wanasiasa wakiomba kura, lakini sijasikia mtu akipaka asali kwenye mavi ya ng'ombe kama yule.

Sasa hapa ndipo nataka usikilize vizuri. Nyambura alikuwa anaongea, na moshi unamtoka mdomoni. Yule mwalimu alikuwa anaongea kumzidi, na mdomoni pake hapakuwa na moshi hata uzi mmoja. Nikasema, labda ni macho yangu. Kisha nikaona moshi wake ulipo. Ulikuwa unatoka kisogoni. Unapenya kati ya zile nywele, taratibu, unaingia na kutoka, kama mtu anayepumua amejifunika blanketi.

Ungefanya nini wewe? Ungekimbia, najua. Mimi nilikaribia.

Nikasikia kutafuna. Nzi mmoja, aliyepotea na baridi hiyo, alitua kwenye zile nywele. Nywele zikagawanyika, zikajifunga, nzi hakutoka tena. Na katika ile nafasi ndogo nikaona meno. Mdomo mzima, na midomo yake na ulimi wake, pale ambapo mimi na wewe tuna kisogo tu.

Nyanya yangu alitusimulia habari za irimũ, ambaye Waswahili humwita zimwi: kijana mzuri anayekuja ngomani akachagua msichana mzuri kuliko wote, na mdomo wa kulia watu ameuficha nyuma. Sikuwahi kuziamini. Nilidhani ni za kututisha tusitoke na wanaume tusiowajua. Na sasa lilikuwa mbele yangu, linaeleza mambo ya maktaba. Unajua nilihisi nini kwanza? Si hofu. Dharau. Zimwi zima, lenye kuogopwa na mababu, siku hizi linavaa suti na kukaribisha wageni!

Likajua nimeona. Ule mdomo wa nyuma ukaninong'oneza kwa Kikuyu cha zamani, huku wa mbele ukiendelea na Kiingereza bila kukosa neno.

"Rudi, kizee. Nyama yako ni ngumu. Niachie kale kadogo."

"Hata huna aibu," nikajibu, kwa sauti ya chini. "Umekosa kazi mpaka ukaja kutembeza watoto wa watu?"

Ukacheka. Harufu yake ilikuwa ya chungu kilichosahauliwa kikiwa na nyama ndani. Kisha ukasema neno ambalo lilinitoa dharau yote na kuniachia baridi tupu: "Baba yake amenipa mara ngapi? Kila mahali anamtangaza. Mimi nimekuja tu kuchukua."

Tulikuwa tumeacha majengo. Mbele kulikuwa na ua wa waya, na pengo ndani yake, na ng'ambo ya pengo ukungu mweupe usioonyesha kitu. Likasimama, likaniangalia kwa ile sura nzuri.

"Hapo ndipo bweni jipya la wasichana," likasema. "Samahani mama, wazazi hawaruhusiwi kuingia. Utatusubiri hapa."

"Nyambura," nikasema, "rudi hapa."

"Haki Tata, si ungoje tu? Ni dakika kidogo. Usiniaibishe."

"Nimesema rudi!"

Hakurudi. Likamnyooshea mkono, naye akautoa wake, kwa furaha, kama bibi harusi. Wakainama pamoja kupita pengo la waya. Lilipoinama, kisogo kikanielekea chote, na ule mdomo ukafunguka mkubwa, ukijiandaa.

Sikuwa na panga. Sikuwa na maombi pia. Yalinitoka yote kichwani. Nilikuwa na nduma. Nikachukua ile kubwa, nikaishindilia humo kwa mkono wangu wa kulia, mpaka vifundo vya vidole vikaingia. Wewe ni mpishi? Basi unajua nduma isiyoiva, kama zile zangu za haraka, inavyowasha koo la mtu. Meno yakafunga juu ya vidole vyangu, nikapiga kelele, nikazidi kusukuma.

Kiingereza kikakatika katikati ya neno.

Kumbe midomo ilikuwa miwili lakini koo lilikuwa moja. Likamwachia Nyambura, likashika shingo yake, likageuka. Ile sura ilikuwa bado inatabasamu, haikubadilika hata kidogo, na nyuma ya tabasamu hilo kulikuwa na sauti ya kukohoa kama ng'ombe aliyekabwa na gunzi. Nikalitukana. Nililitukana matusi ya sokoni, ya mafundi wa cherehani, na mengine niliyoyatunga palepale. Nikaliambia halina hata haya ya kuwa zimwi kamili. Likarudi nyuma, nyuma, likapita kwenye thabai, yale majani yanayowasha, na thabai haikulala chini ya miguu yake. Ukungu ukalifunika. Tukalisikia linakohoa kwa chini, mbali sana kwa chini.

Upepo ukapuliza. Nyambura alikuwa amesimama ng'ambo ya waya, hajasogea.

"Tata," akasema, sauti ndogo. "Bweni liko wapi?"

Hakukuwa na bweni. Kulikuwa na genge, na mto chini kabisa, na ncha za viatu vyake zilikuwa zimepita ukingo. Kwenye kichaka cha pembeni palikuwa na sweta la shule la msichana, limeoza, limeota kuvu. Nikamvuta kwa nywele. Hajawahi kunilaumu kwa hilo.

Tulirudi ofisini, mkono wangu ukitiririka damu. Safari hii mkuu wa chuo alipatikana upesi, maana nilipiga kelele mpaka bawabu akaja. Nikawaeleza yote. Mama wa wigi akaweka kikombe chini.

"Ako na nywele nyingi?" akauliza. "Na suti ya kijivu?"

Mkuu akamkata jicho, naye akainua tena kikombe chake. Kisha mkuu akajaribu kunipa chai. "Mama, hii maneno tuiache hapa tu," akasema. "Jina ya chuo itaharibika. Yule msichana wa mwaka jana tulisikia alitoroka na mwanamume."

Mimi nilikuwa sijamtaja msichana yeyote wa mwaka jana. Nikamwangalia mtu huyo, na tai yake, na vyeti vyake ukutani, nikaona kwamba kati ya wale wawili niliokutana nao siku hiyo, angalau lile la ukungu lilikuwa na njaa kama kisingizio. Nikatema mate sakafuni pake, tukaondoka.

Nyambura alisomea ualimu kwingine, mbali, upande wa Embu, na alifundisha mpaka akastaafu. Mumewe anaweza kukwambia alivyoposa: kabla ya kukubaliwa aliambiwa akanyoe kipara, ageuke, ainamishe kichwa. Alidhani ni mchezo. Gathogo aliendelea kuwaambia walevi wenzake kwamba mimi ndiye niliyemkosesha binti yake koleji nzuri, mpaka tukamzika. Nilimlilia, ni kaka yangu. Nilimlilia kidogo.

Mimi vidole viwili hivi havikupona. Tazama. Kucha hazikuota tena, na ukivichoma sindano sisikii. Hospitalini waliniambia nimepigwa na baridi. Nikawauliza, baridi ina meno? Ilibidi nijifunze kushona kwa mkono wa kushoto, na Julai ikifika vinauma mpaka nalia.

Na kile chuo kilizidi kukua. Nasikia kina mabweni ya kweli sasa.

Kwa hiyo wewe, ukipeleka mtoto wako kuangalia shule yoyote, usihangaike na majengo, na usisimame mbele ukichekacheka na mwenyeji. Mwache atangulie. Wewe tembea nyuma yake, funga mdomo wako, na usikilize vizuri anasema nini.