Mama Mapengo

Walimwita Mama Mapengo, na meno yake yote yalikuwa kinywani. Jina alilipatia kazini, katika wodi ya wanaume waliopasuliwa, alikouguza watu tangu ujana mpaka mvi zikaanza kuchungulia chini ya kofia.

Kazi yenyewe haikuwa na maajabu. Alipita kitanda kwa kitanda, akaweka kipimajoto kwapani, akashika kifundo cha mkono kuhesabu mapigo, akafunga mkanda wa presha, akatazama kifua kinavyopanda na kushuka. Kisha aliandika kwenye chati palepale, kabla hajasogea kwa mwingine. Wenzake walikuwa na njia ya mkato. Zamu ikikaribia kwisha, walizikusanya chati mezani na kuzijaza kwa mkupuo mmoja, joto lilelile, mapigo yaleyale, kana kwamba wodi nzima imezaliwa tumbo moja. Njia hiyo waliiita kupiga chapa. Yeye asipompima mtu aliacha nafasi wazi, akaandika na sababu. Ndipo lile jina lilipotoka.

"Shoga, mapengo yako yatatuponza," mwenzake wa zamu alizoea kumtania. Walikuwa wamesoma uuguzi pamoja, na watoto wao waliitana ndugu.

Mchana mmoja matroni aliingia wodini kwa haraka. Mgeni wa mkurugenzi alikuwa amelazwa vyumba vya juu na alitaka muuguzi wa kukaa naye.

"Namchukua mwenzako mara moja tu," alisema.

"Matroni, nitabaki peke yangu na wodi nzima."

"Wewe ni mzoefu, mama. Jikaze."

Mwenzake alipanda juu, na hakushuka mpaka jioni.

Karibu na dirisha alilala fundi mwashi aliyekuwa amepasuliwa tumbo. Mama Mapengo alimpima adhuhuri, akamkuta salama, tena akimlalamikia uji usio na sukari. Mara akaletwa mgonjwa kutoka chumba cha upasuaji, bandeji imelowa, damu inachuruzika mpaka sakafuni. Muuguzi alimkandamiza kidonda kwa mikono miwili akimpigia daktari kelele. Kila alipotaka kuondoka, damu ilifumuka upya. Saa ya kumpima mwashi ikapita, na iliyofuata ikapita.

Alipomfikia, mwashi alikuwa baridi kama sakafu, jasho linamtiririka, mapigo yanakimbia hayashikiki. Tumbo lilikuwa linavuja ndani kwa ndani. Alikata roho akisukumwa kurudishwa kwenye upasuaji.

Jioni, mwenzake aliporudi, alimkuta mezani na chati ya marehemu mbele yake.

"Jaza, dada yangu," alimnong'oneza. "Andika zilezile za adhuhuri. Nani atajua?"

"Niandike alikuwa mzima wakati sikumwona? Wataamini alibadilika ghafla. Hakubadilika ghafla. Alizama polepole, mimi nimempa kisogo."

Akaandika: *Hakupimwa mara mbili. Muuguzi alikuwa peke yake, akizuia damu ya mgonjwa mwingine.* Akatia sahihi. Mwenzake naye alivuta chati za upande wake wa wodi, akazipiga chapa zote za mchana huo.

Kamati ilipoitishwa, matroni alikuwa miongoni mwa waliokaa mbele.

"Unakiri hukumpima marehemu?" mwenyekiti aliuliza.

"Nakiri nilikuwa peke yangu."

"Hatujauliza hilo. Zamu ilikuwa na wauguzi wawili. Chati za mwenzako hizi hapa, hazina hata nafasi moja wazi. Kama yeye aliweza, wewe ulishindwa nini?"

Mama Mapengo alimgeukia shoga yake, aliyekuwa ameitwa pia. "Waambie ulikuwa wapi."

Mwenzake alimtazama matroni, kisha akatazama viatu vyake mwenyewe. "Nilikuwa wodini," alisema.

Basi, mnyonge hana haki. Alivuliwa kazi ya wodi akapelekwa kufulia, kukunja mashuka na kuhesabu foronya katika chumba cha mvuke na harufu ya sabuni kali. Mwenzake haukupita muda akafanywa msimamizi wa wodi. Wakikutana koridoni, alikuwa wa kwanza kusalimia, kwa sauti tamu, na Mama Mapengo aliitikia kwa kichwa tu. Watoto wao waliacha kutembeleana, bila mtu kuwakataza.

Siku moja mjane wa mwashi alimfuata kulekule kufulia. Alikuwa amesikia ofisini kwamba muuguzi mwenyewe alikiri. Mama Mapengo alimkalisha juu ya furushi la mashuka safi, akamweleza yote bila kujipendelea: ile damu, ile saa iliyopita, na mwenzake aliyechukuliwa.

Mjane alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mume wangu aliteseka, hana wa kumtazama."

"Ndiyo, dada."

"Ungeandika tu kwamba ulimpima," mjane alisema, macho makavu. "Ningeamini siku zake zilifika. Ningekuwa napata usingizi."

Akainuka, akakung'uta sketi yake, akatoka. Mashine iliyokuwa ikizunguka nyuma ya Mama Mapengo ilisimama. Akaifungua, akaanza kuyatoa mashuka, na ilimbidi kuyakamua kwa mkono, maana ile mashine ilikuwa haikamui tangu zamani na hakuna aliyejali kuitengeneza.