Makofi Kwenye Stoo ya Maharage

Siku mwalimu wa sauti aliponiambia nichague kati ya mtoto na studio, nilimjibu kwamba studio hainyonyi. Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameletwa Kasulu kutoka mkoa mwingine kutufundisha kurekodi vipindi vya redio, na chumba chake, kilichobandikwa magodoro ukutani, kilikuwa na neno moja mlangoni: KIMYA. Mwanangu alikuwa na miezi saba. Hakujua kusoma.

"Dada, sikufukuzi wewe. Namtoa mtoto tu."

"Ukimtoa yeye umenitoa mimi. Nani atamnyonyesha, wewe?"

Mwaka ule nilikuwa na hasira za kutosha, sikuhitaji nyongeza. Nilimaliza kidato cha nne Kibondo, nikapata mimba kabla matokeo hayajatoka, na mwenye mimba akaenda machimboni akabadilisha namba ya simu. Nikarudi kwa mama, Kasulu. Kila jirani alikuwa na ushauri: cherehani, vitumbua, kusuka nywele. Mimi nilitaka kukaa kwenye mitambo. Na mwalimu alikuwa ameshasema wazi: kituo kidogo cha redio huko Kibondo kinatafuta fundi mitambo, na kazi ataipata yule atakayeleta mchezo wa redio wenye sauti safi kuliko wote. Wenzangu, wanaume watupu, wangerekodia studio. Mimi nilipewa rekoda ya mkononi, hedifoni, na pole.

Haki yake nampa, kufundisha alijua. Somo la kwanza lilikuwa hili: ukiingia chumbani, piga kofi moja, usikilize. Kofi likirudi, chumba kina mwangwi, na mtu akiongea humo atasikika kama yuko ndani ya pipa. Basi nikapiga makofi mji mzima. Nyumbani kwetu, saruji chini na bati juu, kofi lilirudi kama limetupwa usoni. Darasani, vilevile. Saluni, dada mmoja aliniuliza nimeokoka lini.

Mama yangu huchambua maharage kwenye stoo ya mfanyabiashara mmoja pale mjini, yeye na kina mama wanaoshuka kila asubuhi kutoka Heru Juu. Siku moja nilimpelekea uji. Kwetu sisi Waha huingii mbele ya wakubwa ukasimama kama nguzo. Unainama, unapiga makofi taratibu, unasalimia. Nikainama, mtoto mgongoni, nikapiga.

"Mwakeye!"

"Twakeye," wakaitikia, na wao wakipiga makofi.

Mimi nikaganda. Kofi halikurudi. Magunia yalikuwa yamepangwa kuta zote hadi karibu na bati, na mlio wa viganja vyangu uliingia kwenye maharage ukabaki humohumo. Nikapiga tena. Na tena.

"Tumeshaitikia," mama akasema. "Au unataka tuimbe?"

Mwenye stoo, mzee wa Kiislamu mwenye asili ya Tanga, hakuwa na neno. "Rekodi utakavyo, mwanangu. Ila gunia langu lisitobolewe."

Mchezo wangu ulikuwa wa mama mkwe anayemsimanga mke wa mwanawe kwa sababu amekaa ananyonyesha wakati wenzake wako shambani. Mama alicheza mama mkwe, wala hakuhitaji mazoezi. Mke wa mwana alichezwa na mchambuzi mmoja mwenye mdomo wake. Nusu ya kwanza ilitoka safi kabisa. Kwenye hedifoni nilimsikia mama akimeza mate kabla ya kila tusi.

Kisha bei ya maharage ikapanda. Nilipofika kumalizia nusu iliyobaki, lori lilikuwa limeondoka na stoo ilikuwa nyeupe. Nikapiga kofi. Likarudi mara mbili. Msikilizaji yeyote angedhani hawa watu wamehama nyumba katikati ya ugomvi. Na mchezo ulitakiwa kesho yake.

Nikamfokea mzee wa watu. "Umeuza bila hata kuniambia!"

"Mwanangu, mimi ni muuza maharage. Ulitaka nikuombe ruhusa?"

Alikuwa sahihi, na ndiyo ikanichoma zaidi. Nikakaa sakafuni nikalia, kwa hasira, si kwa huzuni. Kina mama walikuwa wanakunja magunia matupu, wamejifunga mablanketi yao ya asubuhi, vitenge juu ya vitenge. Nikawatazama hivyo, machozi yanatiririka, na nikakumbuka mwalimu aliwahi kusema kwamba ukumbi mtupu na ukumbi wenye watu si chumba kimoja, maana nguo na miili ya watu humeza sauti.

Nikafuta kamasi. "Mama zangu, naomba mkae. Ukutani, kote. Mbanane."

"Tunarekodiwa?"

"Hapana. Mnakuwa magunia."

Walicheka hadi mtoto akashtuka. Lakini walikaa, wengine juu ya ndoo zilizogeuzwa, magunia matupu mabegani. Nikapiga kofi kupima.

"Twakeye!" Wote, makofi kama mvua.

"Jamani, napima chumba!"

"Kwani kupima ndiyo tusiitikie?"

Nikapiga tena, wakaitikia tena. Mikono yao ilikuwa inakwenda yenyewe. Mara ya tatu waliibana katikati ya magoti, wengine wamefumba macho, na kofi likafa. Halikufa kama kwenye maharage, ila lilikufa.

Tukaanza. Mama alipofika kwenye "Ulikuja hapa kulima au kukaa?", mwanangu akajinyoosha, akakunja uso. Namjua. Nikamtoa mgongoni kwa mkono mmoja, rekoda kwenye mkono mwingine, nikampa ziwa. Mama akaendelea kusimanga. Hakuna gunia lililokohoa.

Kesho yake mwalimu alisikiliza mchezo wote, akarudisha nyuma, akasimamisha. "Hapa ndipo ulipoungia."

"Ndiyo."

"Panapita." Akasogea karibu na kompyuta, akaonyesha kwenye mchoro wa sauti vilima vidogo chini ya sauti ya mama. "Na hiki nini?"

"Mtoto anameza."

Akavaa hedifoni upya. Alisikiliza kipande kile muda mrefu. Mwenye kumeza alikuwa mgongoni kwangu, amelala ndani ya studio, na mwalimu alikuwa amemwona tangu nilipoingia.

"Kiache," akasema. "Ila punguza kidogo. Halafu andika jina lako hapo, nautuma huu Kibondo."

Nikapunguza kidogo. Kidogo tu.