Krismasi Ambayo Bibi Hakuitikia

Juzi, stendi ya Katesh, nilimwona mtoto mgongoni mwa mama yake akiupungia mkono mlango uliofungwa. Nikamkumbuka mdogo wangu Tito.

Nilipokuwa mtoto, tulishuka basi Endasak kwenda kula Krismasi kwa bibi, mzaa mama. Mama alimbeba Tito mgongoni, mimi nilibeba mchele. Njia ilinukia vumbi lililoguswa na mvua. Kwa bibi hapakuwa na moshi, wala jogoo hakuwika.

Bibi alisimama mlangoni.

"Shikamoo bibi!"

Hakuitikia. Nilipomkimbilia alirudi nyuma, akanyoosha fimbo kunizuia.

"Mwanangu," alimwambia mama, "rudi na watoto. Nyumba ina mwiko."

Mama alinishika mkono, tukageuka. Nilidhani bibi ametuchukia.

Sasa najua. Mtoto wa mjomba, rika la Tito, alikuwa amezikwa wiki ile, na habari haikuwa imetufikia. Kwetu nyumba iliyofiwa na mtoto hujitenga, kifo kisifuate watoto wa wengine.

Lakini Tito alicheka na kupunga mkono mpaka tukavuka korongo. Hakuwa akimpungia bibi. Alipunga chini zaidi, kando ya goti la bibi, ambako mimi sikuona mtu.