Meja Hakuumia

Kila asubuhi nilipanda treni ndogo kutoka Stratford hadi Lewisham kwenda kumwogesha meja mstaafu wa miaka tisini. Kabla yake nilikuwa nimefanya kazi Doha, kisha Leicester, na kote nilihama kabla sijazoea kitanda. Kwa huyu nilikaa. Alikuwa amelitumikia jeshi Nanyuki, kwetu, na alinisemesha Kiswahili cha kambini.

"Wewe! Leta chai, upesi!"

"Subiri, Meja. Hapa si kambini."

Alicheka mpaka akakohoa, nami kwa dakika moja nikaisikia baridi ya mlimani.

Ujanani alicheza kriketi ya daraja la kwanza katika timu ya jeshi. Binti yake alikuwa akiandika kijitabu cha maisha yake kwa ajili ya sherehe ya kuzaliwa, na meza ilijaa madaftari ya mechi: kila mpigaji alipata mikimbio mingapi, na nani alimtoa. Jina la aliyekutoa lazima liandikwe. Ndiyo desturi yao.

Siku moja nikimfunga vifungo vya shati, Meja aliweka kidole kwenye mstari mmoja. Mechi ya Nanyuki. Mikimbio sabini na moja, kisha: aliumia, akapumzika. Kwa sheria zao, anayetoka hivyo hahesabiwi kuwa ametolewa.

"Mimi hapana umia," akasema. "Mpishi alivunja wiketi yangu."

Timu pinzani ilipungukiwa na mtu, wakamwita mpishi wa mesi, bwalo la maafisa, kutoka jikoni. Mpira wake wa kwanza uliangusha vijiti vya wiketi ya Meja, akawa ametolewa. Maafisa wakatazamana, na mwenye daftari akaambiwa aandike jeraha.

"Jina lake nani?" nikauliza.

"Mpishi."

Vifungo vilinishinda kwa hasira. Wachezaji wengine wote wa siku ile aliwakumbuka kwa majina, hata aliyeangusha mpira rahisi. Mtaani kwetu walikuwapo wazee waliopika kambini, wakiota jua mbele ya duka. Huenda niliwahi kumwamkia yule mpishi na kupita zangu.

Nikamweleza binti yake, nikamwomba aandike ukweli.

"Baba huchanganya mambo siku hizi," akasema bila kuinua macho. "Daftari ni daftari."

"Daftari linadanganya, madam."

"Wewe hukuwepo."

"Wala wewe. Yeye alikuwepo."

Aliniambia nikaangalie kama dawa zimeletwa.

Siku ya sherehe binti alikisoma kijitabu kwa sauti sebuleni. Alipofika Nanyuki, sabini na moja na jeraha, wageni wakapiga makofi. Meja akagonga sahani kwa kijiko, akafoka kwa Kiswahili.

"Uongo! Mpishi alinitoa!"

Wageni wakacheka, wakidhani ni wimbo wa zamani. Bwana mmoja akaniuliza anasema nini. Binti alinikazia macho. Nikatafsiri neno kwa neno, na jinsi lile jeraha lilivyotungwa nikaeleza pia.

Binti akakifunga kijitabu.

"Amechoka," binti akasema. "Mpeleke juu."

Nikashika kiti cha magurudumu. Tulipofika mlangoni, Meja akanivuta mkono.

"Sema tena. Wale ya nyuma hapana sikia."

Nikakigeuza kiti, tukawaelekea wote, nikasema tena.