Nani Anawachunga

Mimi kazi yangu ni kukaa. Tangu polio inipitie nikiwa mtoto nimekaa shuleni, kanisani, sokoni, na sasa kwenye kinga yangu, baiskeli ya magurudumu matatu ninayoiendesha kwa mikono. Lakini wiki ile nilishindwa kukaa. Nikiwa ndani nataka nje, nikifika nje nataka kurudi. Jirani akaniuliza, "Maman présidente, uko na sisimizi kwa kiti?" Nikamwambia afadhali sisimizi, wao wanajua wanakokwenda.

Chama chetu ni cha walemavu na kinaendeshwa na walemavu wenyewe. Tunachotaka ni mtu atoke kwa ndugu zake, apange chumba, aishi humo anavyopenda. Tunamfundisha kuwasha mbabula, jiko la makaa, akiwa amekaa chini bila kuungua, kupatana na mama wa kumletea maji, kumkatalia mwenye nyumba. Kukataa ndilo somo gumu. Wengi wetu tulilelewa kusema aksanti hata tukikanyagwa.

Kila anayeishi peke yake huacha ufunguo wa pili kwenye msumari, ukutani mwa nyumba ya chama, na anasema mwenyewe nani auchukue na lini. Akianguka au akiugua, kuna wa kumfungulia. Mgeni akiona ile misumari anadhani tunauza kufuli.

Nyumba yenyewe haikuwa yetu. Ilikuwa ya parokia, hapo Kadutu mjini Bukavu, walituazima enzi zile wafadhili walipokuwapo na magari yao yakipanda hadi mlangoni. Wafadhili walipofunga ofisi na kuondoka mjini, komite ya parokia ikaanza kukohoa. Mwishowe akaja bwana mmoja wa komite, mtu wa shule, viatu safi hata siku ya matope. Akatutazama wote, akauliza, "Sasa ninyi, nani anawachunga?"

Neno hilo nalijua sana. Mbuzi anachungwa, nyumba inachungwa, mutoto anachungwa, na mlemavu pia. Nimeulizwa hivyo na wauguzi, na askari, na wauza sabuni: mama, nani anakuchunga? Nikamjibu, "Papa, siye ni Wakatoliki, hatuna mchungaji. Tuko na padri." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema komite imeshaamua: nyumba itabaki kwetu tukikubali encadreur, msimamizi mwenye miguu yake, wa kujibu kwa niaba yetu. Na kitu cha kwanza atakachoshika ni zile funguo, kwa ajili ya usalama. Tujibu kabla ya Jumamosi.

Wengi walitaka tukubali. Aliyenisumbua zaidi ni makamu wangu, muzee kipofu anayeshona viatu, kwa sababu ninamheshimu. "Mama, mvua iko karibu," akasema. "Mukono mutupu haulambwi. Ule encadreur akae pale, sisi tuendelee na kazi yetu." Nikamwambia nguo ya kuazima haisitiri matako. Akakubali, "Njo vile, lakini iko bora kuliko uchi." Nilikasirika, maana hakuwa amekosea.

Nikatoka kwenda kumwona binti mmoja aliyetoka kijijini Katana. Huyu ndiye wa mwisho kujiunga nasi, miguu yake na mkono mmoja havimtii. Kaka yake alimlea tangu wazazi wao wafe. Alimlisha vizuri, akamvika vizuri, na kila akienda shambani alimfungia mlango kwa nje. "Kwa wema," binti husema, na sijui kama anatania. Kaka alimruhusu kupanga chumba huku Bukavu kwa sharti moja, kwamba pawe na nyumba ya chama karibu naye. Sasa alikuwa amesikia maneno ya komite. Jumamosi angekuja na taksi, na akikuta chama hakina nyumba, dada yake anarudi Katana.

Njia ya kwake ni kilima na utelezi. Hapa mjini kwetu watu hawakuombi ruhusa kukusukuma, unasikia tu kinga imekuwa nyepesi. Siku ile mmoja alinisukuma huku anaongea na simu, akanipitisha kabisa mlango wa binti, nikapayuka mpaka akasimama. "Pole, mama, nilifikiri unaenda kanisani." Kila mtu anajua ninakokwenda, ila mimi tu ndiye nisiyeulizwa.

Nilimkuta binti anakata mboga ya lengalenga kwa mkono wake mmoja, sufuria kati ya magoti. Nikamweleza yote. Nilitegemea aseme tukubali, kwa sababu bila nyumba yeye ndiye wa kwanza kupoteza. Akasimamisha kisu.

"Ule encadreur atashika na ufunguo yangu?"

"Na wako."

"Ataingia akipenda?"

"Atasema amekuja kukuangalia."

Akaendelea kukata. "Basi ni Katana ileile. Kule walikuwa wananifungia, huku watanifungulia. Fasi zote mbili hakuna mwenye ananiuliza."

Nilimwambia wazi kwamba naogopa, kwamba kaka yake hatanisikiliza mimi. Akasema, "Miye pia naogopa, maman. Mukatae. Kisha Jumamosi mukutano ya chama mufanyie hapa kwangu."

Nikawapelekea wenzangu maneno ya binti, nasi tukakataa. Bwana wa komite hakugomba, alifunga nyumba tu. Kabla haijafungwa, muzee kipofu aling'oa misumari mwenyewe kwa nyundo yake ya viatu, akininung'unikia kila msumari ulipotoka, lakini aling'oa yote.

Jumamosi tukajazana chumbani kwa binti. Wenye viti vya magurudumu waliingia kwanza, wenye magongo wakapewa kitanda, kinga yangu ikabaki nusu ndani nusu nje. Muzee akapigilia misumari kwenye ukuta wa mbao, tukatundika funguo. Watu wanajadili nani atamchotea nani maji, mimi nimegeuza shingo natazama barabara. Sikusikia neno hata moja.

Taksi ikafika. Kaka akashuka, mtu mrefu, mpole, kofia mkononi. Nikasogea apite. Akatupitishia macho mmoja mmoja, nikaelewa anamtafuta mwenye miguu.

"Nyumba ya chama iko wapi?" akauliza.

"Ni hapa," dada yake akasema.

"Na nani anawachunga?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Muzee kando yangu akasikia nikivuta pumzi, akanifinya mkono, nikafunga mdomo.

"Hapa hakuna wa kuchungwa, kaka. Hii chumba ni yangu, na funguo naziona toka hapa nilipo."

Kaka akabaki amesimama, kichwa kimeinama chini ya mabati, kofia inazunguka mikononi. Akaangaza pa kukaa. Binti hana kiti chumbani kwake, cha nini? Akamwita jirani kupitia dirishani.

"Mama, uniazime kiti. Ni ya kaka yangu. Hapa batu wanakujaka na viti vyao, yeye hakukuja na chake."

Kiti kikaletwa, cha plastiki, mguu mmoja umefungwa kamba. Kaka akakitazama, akakaa. Nje taksi ikapiga honi, ikapiga tena. Akamfanyia dereva ishara ya mkono kupitia mlangoni, juu ya kichwa changu, na ile taksi ikageuza ikaenda.