Sauti Yangu Waliiweka Matangani

Siku ya kwanza kazini niliingia ukumbi mmoja kule Savage, mji wa huku ughaibuni, na buti za theluji. Kiongozi wa bendi akanitazama kutoka chini hadi juu. "Mama, umekuja kuimba ama kuzoa theluji?"

"Nipe maiki kwanza, uchague baadaye," nikamjibu.

Muziki wa kauntri niliujua tangu utotoni kwetu Molo, kwa redio ya baba, nikikamua ng'ombe. Darasa la nne ndipo nilipoishia masomo, na Kiingereza cha zile nyimbo nilikiimba kabla sijakielewa. Nilichokuwa nacho ni kuvunja sauti: unaipandisha kutoka kifuani, unaiachilia ikatike kooni, itoke nyembamba juu. Usipobana tumbo utakohoa tu. Siku za kazi nilikuwa nikiosha wazee katika makao yao Apple Valley, wikendi, bendi.

Wiki ile ile Mkenya mwenzetu akafariki. Huku maiti haisafirishwi nyumbani kabla watu hawajakutana, wakaomba, wakachanga. Kiongozi akanituma niimbe. Ukumbi mzima ulilia, hata wale wanaume wa mlangoni waliokuwa wakiongea habari za magari. Katibu wa kamati ya matanga akanishika mkono: "Mama, wewe usitutoke."

Sikuwatoka. Kila matanga niliimba mimi, jina langu likapanda hadi mji wa Champlin, nikawekwa mbele, bendi nyuma. Lakini arusi hata moja sikuitwa. Nilipouliza, kiongozi akacheka. "Nani atake kukuona siku ya keki? Watauliza nani amekufa."

Nikavumilia, nikijua kuna arusi moja ambayo ni yangu. Binti yangu alipopata mchumba nilitunga wimbo wa furaha, nikaufanyia mazoezi garini. Wiki ya arusi akaja jikoni kwangu, hakuketi.

"Mum, usiimbe. Mama mkwe anasema ni mkosi."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nataka watu wafurahi tu, Mum."

Nilikaa meza ya mbele na kilemba changu kipya, nikasikiliza nyimbo za di-jei. Baada ya hapo niliacha kazi ya kuimba.

Nyinyi vijana mnaoshika gita, sifa ya kwanza msiipokee mbio. Watu wakikupenda mahali pamoja, watakufungia hapo na wakuite baraka.

Katibu alikuja kunibembeleza. Nilipokataa akakasirika. "Basi, mama, siku yako nani atakuimbia?"

"Siku hiyo," nikamwambia, "mtanyamaza."