Mlango Aliojifungia Dieudonné

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Ukaguzi wa bodi ya kamari ya jimbo alinipeleka kwenye baa moja ya mtaa wa Kensington, jijini kwetu. Alipiga magoti mbele ya mashine ya kamari na kugusa kwa kidole gumba kipande cha plastiki kilichofunga mlango wake. Hiyo ndiyo lakiri. Ikikatwa, maana yake mtu ameufikia ubongo wa mashine, na mashine huzimwa hapohapo.

"Binti yangu," alisema akijipangusa suruali, "kamari halali ni hii. Ina mlango, na mlango una alama yetu."

"Na anayecheza analindwa na nini?"

"Hao wa chuo kikuu," alimwambia mwenye baa. "Wewe anza na mlango."

Nawaandikia ninyi mnaoomba kazi hii sasa. Nimestaafu kabla ya mvi, kwa hiyo hekima tafuteni kwingine.

Ukaguzi nilijifunza vizuri. Mashine za baa zikae mahali watoto hawazioni. Kila mashine irudishe kwa wachezaji sehemu iliyowekwa na kanuni. Nikauliza ni wachezaji gani, nikaambiwa wote kwa pamoja. Yaani mtu mmojammoja anaweza kuondoka mikono mitupu maisha yake yote, na mashine ikafaulu mtihani.

Baadaye nilihamishiwa ofisini, chini ya Meneja wa Leseni, kuwahudumia waliojizuia. Mtu akiona kamari imemshinda, huja mwenyewe kuomba azuiwe. Tunampiga picha, tunaisambaza kwa kila mwenye leseni ya jimbo letu, na tangu hapo kasino ikimwona lazima imtoe.

Dieudonné alikuja na mkewe, Mama Neema, fundi wa nguo kule mtaa wa Doornfontein. Dieudonné mwenyewe alikuwa mlinzi wa ghala, mtu wa Bukavu, mcheshi. Wiki hiyo alikuwa ameuza cherehani ya mkewe.

"Dada, miye niko mwizi wa nyumba yangu mwenyewe," alisema. "Munifungie milango yote."

"Nyoosha kola," Mama Neema alimwambia. "Unapigwa picha ya kuacha ujinga, si ya pasipoti."

Wakacheka wote wawili. Walipoondoka nilisoma maelezo yake. Hakuwahi kuingia kasino maishani. Alikuwa akicheza kwenye simu.

Nikaenda kwa Meneja. Hapa niwaeleze. Kasino ya mtandaoni sheria ya taifa haiiruhusu, ila kubeti mpira kwa simu inaruhusu. Basi kampuni zikaweka gurudumu la kasino ndani ya simu, zikaliita dau juu ya matokeo ya gurudumu. Na leseni ya kubeti iliyotolewa na jimbo moja hupokea madau ya nchi nzima.

"Kampuni anayochezea ina leseni ya jimbo jingine," Meneja alisema. "Picha yetu haifiki huko."

"Lakini yeye yuko Doornfontein, kitandani kwake."

"Leseni haiko kitandani kwake."

"Basi tumemzuia wapi?"

Meneja alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. "Tumemzuia pale tunapoweza," alisema.

Nilimpigia simu Dieudonné, nikamwambia aombe upya kwa kampuni yenyewe. Aliomba, wakamfungia. Jioni hiyohiyo akafungua akaunti kwa kampuni nyingine, akapewa zawadi ya kukaribishwa.

Miezi ikapita. Kampuni yake ya ulinzi huhamisha walinzi inavyotaka, na ikampeleka kwenye geti la kasino. Asubuhi ya kwanza kamera ilimtambua kabla hajafunga vifungo vya sare. Wenzake wakamsindikiza hadi barabarani. Kampuni haikuwa na kituo kingine cha kumpa. Akarudi nyumbani bila kazi, na simu mfukoni.

Mama Neema alinijia peke yake.

"Eish, dada. Mlimfungia. Sasa mfungulieni, watoto wapate kula."

"Mama, unaniomba nimrudishe kwenye kamari?"

"Kwani aliondoka lini?"

Nilifungua jalada lake. Kuondolewa zuio kunahitaji mshauri nasaha athibitishe kwamba mtu amejirekebisha. Mshauri alimwuliza Dieudonné kama amekanyaga kasino tangu ajizuie. Alijibu hapana, isipokuwa kwa mshahara, na ulikuwa ukweli mtupu. Meneja akaridhia. Kufuta picha ilikuwa kazi yangu, nikaifuta. Mwisho wa mwezi nikaacha kazi.

Mnauliza kama mwombe. Ombeni, lakiri zinahitaji macho, na mtaziona ziko salama. Nilipita ile baa ya Kensington majuzi, nikaigusa lakiri moja kwa mazoea. Haikuwa imekatwa. Pembeni yake mwenye baa alikuwa ameinamia simu, akizungusha gurudumu.

Kisha nikaenda kumwona Dieudonné kwenye geti la kasino, alikorudishwa kazini. Nilimkuta amemsimamisha mzee mmoja aliyekuwa ameshika kofia mkononi. Kamera ilikuwa imemtambua.

"Huingii, baba," alimwambia kwa upole. "Ni wewe mwenyewe uliomba."

Akamsindikiza hadi barabarani, akamwelekeza kituo cha teksi. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akaniaga, "Sharp, dada," na kabla sijajibu alikuwa ameshatoa simu.